TUWEKE VIZURI MAJI YA KUNYWA

Somo kwa wamama wanaoleta watoto kupimwa



Leo tutazungumza juu ya maji. Najua wengine watasema: "Maji tena? Somo hilo tulilisikia zamani." Ni kweli, mulilisikia. Munajua kwamba maji machafu yanaleta kuhara, tifoide na kolera. Munajua kwamba maji ya kisima yanapaswa kuchemushwa. Basi leo hatutaanzia ku kisima. Tutaanzia pale maji yamekwisha kuchemushwa, yamepoa, na mama anatafuta pahali pa kuyaweka. Nina ulizo moja tu kwako: maji yale uliyochemusha, uliyaweka ndani ya nini, na ni mikono ngapi imeingia mule tangu asubui?

MAMA MMOJA NA MUTOTO WAKE

Miaka kadhaa imepita, mama mmoja wa huku kwetu Luano, upande wa uwanja wa ndege, alileta mutoto wake wa miezi 14. Mutoto alikuwa anahara. Tulimupa dawa, akapona. Nyuma ya posho tatu akarudi, kuhara ni kule kule. Mara ya tatu alipofika, macho ya mutoto yalikuwa yameingia ndani, analia bila machozi, na ukifinya ngozi ya tumbo inabaki imesimama. Tulimuweka chini ya serumu siku hiyo yote.

Mimi nilimugombeza mama yake. Nikasema: "Mama, kwa nini hauchemushi maji?"

Akajibu: "Mama muganga, nachemushaka kila siku. Makala inaisha juu ya ile maji."

Sikumuamini. Lakini tulipokwenda kutembelea nyumba za kartie ile, nikaingia kwake bila kumujulisha. Kumbe, mama yule alisema kweli. Sufuria ilikuwa juu ya mbabula, maji yanabubujika. Yalipopoa, aliyachukua na kuyamwaga ndani ya pipa lenye mudomo mupana lililokuwa ku kona ya jiko, juu ya maji ya jana na ya juzi. Pipa lilikuwa na kipande cha ubao juu yake, na kopo moja limetundikwa ku musumari.

Tulikaa pale kwa muda wa saa moja. Kijana wake mukubwa alitoka kucheza mupira, akachota na kopo, akakunywa, akarudishia ndani maji yaliyobaki. Jirani aliomba maji ya kunawa, akachota. Musichana mudogo alitoka musalani; maji yalikuwa chini, kopo halifiki vizuri, basi akaingiza mukono wote mupaka ku kiwiko. Kisha mama akachukua kopo lile lile na kumupa mutoto wake mudogo anywe.

Wamama, siku ile haya ilinishika mimi, si mama yule. Miaka mingi nilikuwa nafundisha "chemusheni maji, chemusheni maji," na sikuuliza hata siku moja: kisha kuchemusha, maji yanakwenda wapi? Mama yule alichoma makala yake, akatumia franka zake, akachoka, na mikono ya nyumba yake ikaharibu kazi yake yote. Ndiyo sababu ya somo hili.

UCHAFU UNAINGIA NYUMBANI

Jambo hili si la Luano tu. Katika mwaka wa 1993, inchini Malawi, kulikuwa kambi ya wakimbizi wa Msumbiji pahali panaitwa Nyamithuthu. Maji yao yalitoka katika visima vizuri vya pompi. Maji ya pompi yalipopimwa, yalionekana karibu safi. Lakini maji yale yale, yakishakuwa ndani ya ndoo za watu, yalipatikana na mikrobe za mavi. Zilitoka wapi? Ku mikono. Watu waliingiza mikono katika ndoo wakati wa kuisuuza na wakati wa kuchota.

Waganga wakatoa kwa nyumba zingine ndoo za namna ingine: ndoo yenye mufuniko usiotoka, yenye tundu dogo la kuingizia maji na mudomo mudogo wa kuyamimina. Mukono hauwezi kuingia. Hakuna kitu kingine walichobadilisha. Katika nyumba zile, kuhara kwa watoto walio chini ya miaka 5 kulipunguka karibu sehemu moja kwa tatu. Hawakupewa dawa, hawakupewa sindano. Walipewa ndoo ambayo mukono hauingii, basi.

Huku kwetu hatari si kidogo. Kolera inakaa siku nyingi katika upande wa ziwa Tanganyika, ziwa Moero na ziwa Upemba, na inasafiri pamoja na watu. Mwaka wa 2013 ilifika ndani ya Lubumbashi. Kuanzia mwezi wa 10 wa mwaka wa 2023 ilishambulia Zambia, zaidi sana muji wa Lusaka, na watu zaidi ya 700 walikufa mbele ya kuisha kwake. Kutoka Lusaka mupaka Kasumbalesa ni barabara moja ya kamio, na kutoka Kasumbalesa mupaka kwetu munajua wenyewe.

Tena ku Luano tuna taabu yetu. Katika mwezi wa 9 na wa 10 visima vinakauka, na mama anaweka maji kwa siku nyingi kwa sababu hajui kesho atayapata wapi. Mvua ikianza katika mwezi wa 11, maji ya chini ya udongo yanapanda, yanakutana na mashimo ya musalani, na kisima kinajaa maji ambayo jirani yako alishatumia. Wakati wa jua tunaweka maji kwa sababu ni machache. Wakati wa mvua tunayaweka kwa sababu ya kisima ni mabaya. Kwa hiyo mwaka muzima tunaweka maji, na inafaa tujue namna ya kuyaweka.

CHOMBO KINACHOFAA

Chombo kizuri cha maji ya kunywa kina alama tatu:

1. Mudomo wake ni mwembamba, mukono hauingii.
2. Kina mufuniko unaofunga kweli kweli.
3. Maji yanatoka kwa kumimina ao kwa robine, si kwa kuchota.

Unaona, bidoni ya litre 20, ile ya njano ya mafuta ya kula, ina alama hizo zote. Haina lazima ya kununua kitu kipya. Bidoni mbili safi zinapita pipa moja kubwa. Kama una ndoo yenye mufuniko, fundi anaweza kutia robine ndogo chini yake. Weka ndoo hiyo juu ya kiti ao matofali, na watoto watakunywa bila kugusa maji yaliyo ndani.

Wengine wanapenda mutungi wa udongo kwa sababu unapoza maji. Ni vizuri. Huko Kenya, upande wa Homa Bay, karibu na ziwa Victoria, wanawake wafinyanzi walianza kufinyanga mitungi yenye mudomo mwembamba, yenye mufuniko na robine ku chini. Watu wakapata maji ya baridi, na mikono haikuingia tena. Mutungi wako wa zamani una mudomo mupana? Basi usiuchote na kopo la kunywea. Tumia upawa wenye mukono murefu, wa kazi hiyo moja tu, nao utundikwe juu, usilale chini ao juu ya meza. Lakini jua kwamba hiyo ni njia ya pili. Ya kwanza ni kumimina.

VYOMBO VYA KUOGOPA

Hapa ni Katanga, inchi ya madini. Ku soko wanauza mapipa ya bluu na bidoni nyeusi zilizotoka katika viwanda. Zingine zilibeba asidi, zingine dawa za kuoshea madini, zingine mazuti ao dawa ya wadudu. Muuzaji atakuambia: "Mama, nimeosha mara tatu na Omo." Usikubali. Dawa ile inaingia ndani ya plastiki yenyewe, na inatoka pole pole katika maji, kila siku kidogo. Chombo ambacho haujui kilibeba nini, kisiwe cha maji ya kunywa hata siku moja, hata kama bei ni ndogo.

Tena sikiliza neno hili vizuri: moto unaua mikrobe, Javel inaua mikrobe. Lakini moto na Javel haviondoi asidi wala vumbi ya madini. Ukichemusha maji yenye shaba na kobalti, shaba na kobalti vinabaki. Maji ndiyo yanapunguka. Waganga wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walitangaza katika mwaka wa 2009 kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga walikuwa na kobalti nyingi sana katika mikojo yao. Kwa hiyo, maji ya muto ao ya kisima yakibadilika rangi, yakichoma ulimi, ao samaki wakifa, usitafute kuyatengeneza. Yaache, tafuta maji pahali pengine, na umujulishe mukubwa wa kartie.

KUOSHA BIDONI

Mudomo mwembamba una kosa lake moja: haupitishi mukono wa kuosha. Fanya hivi kila posho:

1. Tia ndani maji kidogo, sabuni, na vijiwe vidogo vilivyooshwa. Funga, tikisa kwa nguvu mupaka utelezi wa ndani utoke. Utelezi ule ndiyo nyumba ya mikrobe.
2. Mwaga, suuza mara mbili.
3. Tia litre 1 ya maji na kijiko kidogo 1 cha Javel. Tikisa ili iguse kila upande, hata ku mufuniko. Acha kidogo, kisha umwage.
4. Suuza na maji ya kunywa, si maji ya kisima.
5. Usikaushe ndani na kitambaa. Geuza mudomo chini, ikauke yenyewe.

Ku kisima pia, usisuuze mudomo wa bidoni na vidole, na usifunge na jani ao kipande cha plastiki kilichookotwa. Mufuniko ukipotea, nunua mwingine.

KUTENGENEZA MAJI MBELE YA KUYAWEKA

Kama maji yana udongo, yaache yatulie usiku muzima. Asubui yamimine pole pole ndani ya chombo kingine, kupitia kitambaa safi kilichokunjwa mara nne. Kisha chagua njia moja kati ya hizi.

Njia ya moto. Zamani sisi tulifundisha kuchemusha dakika 10 ao 20. Haina lazima. Lubumbashi iko juu, karibu metre 1 200 kupita bahari, lakini hata hapa inatosha maji yabubujike yote kwa dakika 1. Okoa makala yako. Acha yapoe ndani ya sufuria ile ile, imefunikwa, kisha uyamimine ndani ya bidoni safi. Lakini ujue jambo moja: moto ukizimika, kazi yake imekwisha. Mikrobe mupya ikiingia kesho, hakuna cha kuiua. Maji ya moto yanywewe leo na kesho.

Njia ya Javel. Hii ina faida kwa maji ya kuweka, kwa sababu Javel inabaki ndani ya maji na kuyachunga kwa muda. Tumia Javel ya duka, isiyo na harufu ya maua, isiyo na rangi, chupa yenye karatasi inayoonyesha nguvu yake. Kama nguvu ni 4 mupaka 6 kwa mia, kipimo ni matone 2 kwa litre 1. Kwa bidoni ya litre 20 ni matone 40, sawa na mililitre 2. Kuhesabu matone 40 wakati watoto wanalia ni taabu. Nunua ku farmasi serengi ndogo, tupa sindano yake vizuri, na uiweke kwa kazi hii moja. Kama maji hayakutakata vizuri, tia mililitre 4. Funga, tikisa, ngojea dakika 30. Kisha nusa: inafaa usikie harufu ya Javel kidogo sana. Kama hausikii kitu, tia tena kipimo kile kile na ungojee tena dakika 30. Kama hata mara ya pili hakuna harufu, Javel yako imekufa ao maji ni machafu sana, usiyanywe.

Javel ile wanayopima ku soko ndani ya chupa za zamani, hakuna anayejua nguvu yake. Oshea nayo musalani, usiitie katika maji ya kunywa. Vidonge vya klore vinavyouzwa ku farmasi ni vizuri pia. Fuata karatasi yake, kwa sababu kuna kidonge cha litre 1 na kidonge cha litre 20, usivichanganye.

Nimesikia wamama wakisema kwamba Javel inaziba uzazi. Sivyo. Klore ndiyo dawa ambayo miji mingi ya dunia inatia katika maji ya robine, na REGIDESO vilevile. Katika kipimo hiki kidogo haimuzuru mama mwenye mimba wala mutoto. Kinachozuru ni chupa yenyewe. Usiweke Javel ndani ya chupa ya Fanta ao ya maji. Mutoto atafikiri ni kinywaji. Akiikunywa, usimutapishe, umulete haraka ku lopitalo.

Njia ya jua. Kama hauna makala wala Javel, jaza maji yaliyotakata ndani ya chupa za plastiki zinazoonekana ndani, zisizopita litre 2. Toa karatasi zake, zilaze juu ya mabati toka asubui, saa 6 nzima za jua kali. Kama mawingu yamefunika nusu ya mbingu, acha siku 2. Wakati wa mvua nyingi usitegemee njia hii. Uzuri wake ni huu: chupa iliyotengeneza maji ndiyo chupa ya kuyaweka. Haumimini, hauchoti, mukono hauingii.

KUWEKA MAJI KWA SIKU NYINGI

Tuhesabu pamoja. Mutu mumoja anahitaji karibu litre 3 kwa siku za kunywa na za kupikia kidogo. Nyumba ya watu 7 ni litre 21, karibu bidoni 1 kila siku. Kama maji yanaweza kukosekana siku 3, basi uwe na bidoni 3 za akiba, mbali na zile za kufulia na za kuoga. Maji ya kufulia yanaweza kubaki katika pipa, lakini pipa lifunikwe, kwa sababu mutoto anayejifunza kutembea anaweza kuangukia ndani.

Bidoni ya akiba unaiweka hivi:

1. Ioshe kama tulivyosema. Ijaze maji yenye kutengenezwa na Javel, mupaka juu, isibaki na nafasi kubwa ya hewa.
2. Ifunge kabisa. Uandike tarehe na makala ao na kalamu juu ya kipande cha karatasi.
3. Iweke ndani ya nyumba, pahali pa giza na baridi, juu ya ubao ao matofali, si ku udongo. Jua linaondoa Javel haraka na linaleta majani mabichi ya maji.
4. Isikae karibu na petroli, rangi ao dawa ya panya. Plastiki inavuta harufu na sumu.
5. Usiifungue "kuonja tu". Bidoni iliyofunguliwa si akiba tena. Ni ya kunywa siku ile na ya kesho.
6. Kila mwisho wa mwezi, tumia maji hayo kwa kufua ao kupikia bukari, osha bidoni, jaza mapya. Maji yenyewe hayaozi, lakini nguvu ya Javel inakwisha. Ukifungua bidoni iliyokaa zaidi ya siku chache na hausikii tena harufu, tia kipimo tena na ungojee dakika 30.

Usimimine hata kidogo maji mapya juu ya maji ya zamani. Ndilo kosa la mama yule wa kwanza. Maji kidogo ya juzi yanaharibu sufuria nzima ya leo.

Na maji ya mvua? Acha mvua ya kwanza ioshe mabati, kisha uchukue ile inayofuata, na uitengeneze kama maji mengine. Ukikaa karibu na kiwanda ao barabara ya kamio za madini, vumbi inaanguka ku mabati. Maji ya mvua yawe ya kufulia tu.

WATU WA NYUMBA

Bidoni haiwezi kujichunga yenyewe. Mama akienda shambani ao ku soko, nani anabaki na maji? Watoto, mugeni, bwana, mama mukwe. Basi uwafundishe wote:

Kunawa mikono na sabuni ao majivu, kisha kutoka musalani, kisha kupanguza mutoto, mbele ya kupika na mbele ya kula. Mavi ya mutoto mudogo pia yana mikrobe; yatupwe ndani ya shimo la musalani.

Kila mutu kikombe chake, ao kikombe kioshwe mbele ya kupewa mwingine. Maji yanayobaki ku kikombe yamwagwe inje, yasirudi ku bidoni.

Kwa mama mukwe tumia heshima. Usimuambie "mikono yako ni michafu". Umuambie: "Mama, keti, nitakuletea maji." Ukimimina wewe mwenyewe, umemupa heshima, na umechunga bidoni.

Mutoto aliye chini ya miezi 6, usimupe maji hata yawe safi namna gani. Maziwa yako yana maji yote anayohitaji, hata katika joto ya mwezi wa 10.

KAMA KUHARA KUMEKWISHA KUINGIA

Usingojee. Mutoto anayehara anakauka kama jani, na wa miezi michache anaweza kufa kwa siku moja. Tumepokea watoto walioletwa usiku, wamechelewa, na mama anasema, "Nilifikiri ni meno." Meno hayaui mutoto, wamama. Kukauka ndiko kunaua.

Umunyonyeshe zaidi. Umupe SRO, pakiti moja katika litre 1 ya maji safi. Kama hakuna pakiti, chukua litre 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Umupe kidogo kidogo, kijiko kwa kijiko. Akitapika, ngojea dakika 10, anza tena. Yaliyobaki kisha siku moja, mwaga. Kisha umulete kwetu. Tutamupa na vidonge vya zinki. Umulete mbio kama hawezi kunywa, kama macho yameingia, kama kuna damu, ao kama kuhara ni kama maji ya muchele.

Unaona, hata dawa ya kuhara inatengenezwa na maji. Usiku wa manane, mutoto akianza, hautakuwa na wakati wa kuwasha mbabula. Maji safi ya bidoni ya akiba ndiyo yatakayomuokoa mupaka asubui.

MAULIZO YA KUJIBU PAMOJA

1. Maji yaliyochemushwa vizuri yanaweza kumugonjesha mutoto namna gani?
2. Taja alama tatu za chombo kizuri.
3. Kwa nini hatununui pipa lililotoka ku kiwanda?
4. Maji ya moto na maji ya Javel, ni yapi yanafaa kwa akiba? Kwa nini?
5. Bidoni yako ya akiba ina tarehe gani?

KAZI YA NYUMBANI

Leo ukirudi, keti karibu na maji yako ya kunywa kwa muda wa saa moja, kama mimi nilivyoketi. Usiseme kitu. Hesabu tu mikono inayoingia. Siku ya kupima watoto inayokuja, utuambie hesabu yako.

Mama yule wa Luano tuliyemuzungumzia, pipa lake sasa ni la kufulia. Alinunua bidoni mbili za mafuta, moja ya leo, moja ya akiba. Makala anachoma kidogo kuliko zamani. Mutoto wake aliendelea kuja kupimwa, na kila mwezi alikuwa ameongeza kilo. Mama huyo hakuwa mvivu hata siku moja. Alikosa tu mufuniko. Na wewe, angalia ku jiko lako leo.